"Mimi nikifa, itabaki ya madrasa?" Historia ya wakfu na taasisi zetu za mjini

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Makala hii imetokana na swali la mama mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu hapa Kampala. Ijumaa moja baada ya swala alimngojea imamu karibu na mlango wa wanawake akamwambia kwamba ana nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, na anataka kodi yake isomeshe watoto wa madrasa. Imamu akafurahi, akamwombea dua. Yule mama akauliza, "Mimi nikifa, itabaki ya madrasa?" Imamu akajibu insha'Allah. Mama akasema, "Insha'Allah ninayo, Shekhe wangu. Nakuuliza karatasi."

Hakuuliza bure. Madrasa yetu ilikuwa na walimu wanne waliolipwa na mfadhili wa nje. Miaka mitatu ilipokwisha ilikuja barua ya kushukuru kwa ushirikiano mwema, na pamoja nayo fedha zikakoma. Wamebaki walimu wawili. Kila mtu mtaani anaijua hadithi hiyo, kwa hiyo mama alipotaka kutoa alitaka kwanza kujua kinachofanya sadaka idumu na kinachofanya ipotee. Waislamu wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa karne kumi na nne, mara nyingine vizuri na mara nyingine vibaya sana.

Tuanze kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Baada ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria (628), alipata huko ardhi nzuri kuliko mali yoyote aliyowahi kuwa nayo. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Basi Umar akaiweka ardhi ile isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi. Mapato yake yakawa ya mafakiri, jamaa, kukomboa watumwa, wasafiri na wageni. Anayeisimamia aliruhusiwa kula kwa kiasi, bila kujilimbikizia. Sharti hilo la mwisho linaonyesha kwamba Umar hakutegemea msimamizi awe malaika. Alijua atakuwa na tumbo, akampangia kiasi chake.

Na aliandika. Ndugu zangu, hapa tusipite haraka. Katika mapokezi ya Abu Dawud imo habari ya hati ya wakfu ule, na msimamizi aliyetajwa kushika baada ya Umar ni binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (R.A.). Kwa hiyo miongoni mwa wasimamizi wa mwanzo kabisa wa wakfu katika Uislamu yumo mwanamke, na jina lake liliandikwa kabla mwenye mali hajafa. Kamati zetu ambazo mama akiingia watu wanakohoa zingefaa kuisoma habari hiyo.

Kutoka hapo wakfu ulienea na miji. Popote palipokuwa na mji wa Kiislamu, huduma nyingi ambazo leo tunazidai kwa serikali au kwa mashirika zililipwa kwa wakfu: visima, hospitali, madrasa, nyumba za wasafiri, hata madaraja. Mfano ninaoupenda ni jiko la Baitul Muqaddas. Mwaka 1552 Hürrem Sultan, mke wa Sultan Suleiman wa dola ya Uthmaniya, ambaye aliingia katika nyumba ile ya kifalme akiwa mtumwa, aliandika hati ya wakfu wa jiko la kuwapikia maskini wa mji huo. Hati inataja kila kitu. Asubuhi supu ya mchele, jioni supu ya ngano, na mkate pamoja nayo. Usiku wa kuamkia Ijumaa na usiku wa Ramadhani, wali wa nyama na wali mtamu wa zafarani. Maskini mia nne walipangiwa chakula, mbali na wafanyakazi na wageni wa nyumba ya wasafiri iliyokuwa pale pale.

Lakini chungu hakichemki kwa nia njema. Hürrem aliliwekea jiko lile mapato ya vijiji kadhaa vya Palestina na mali nyinginezo. Mkulima aliyevuna ngano kijijini ndiye aliyekuwa akimlisha mjane wa mjini, mwaka hadi mwaka, bila mtu yeyote kwenda Istanbul na bakuli. Hürrem alifariki mwaka 1558, na jiko lile limeendelea kuwapikia watu mpaka karne hii yetu.

Pwani yetu hatukuwa na masultani wa kiasi hicho, ila mpango ulikuwa ule ule. Lamu, Mombasa na Unguja, mtu aliyejaaliwa aliweka minazi kadhaa au nyumba moja ya mawe, au hata chumba cha duka, kuwa wakfu wa msikiti wa mtaa wake. Mapato yakanunua mafuta ya taa na mikeka, yakalipa mchota maji na mwalimu wa chuo, yakaleta tende za kufuturu. Wengine waliweka nyumba wakae maskini, au watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao.

Unguja ndiko jambo hili lilikofika hadi barabarani. Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, watu wengi walijenga vibanda vyao juu ya ardhi ya matajiri. Mwenye kibanda alikuwa na kuta na paa lake, ardhi si yake, lakini kwa muda mrefu wengi hawakudaiwa kitu. Karne ya 20 ilipoanza, ardhi ya mjini ikapanda thamani na kodi ya ardhi ikaanza kudaiwa, kisha ikaongezwa. Watu wakasema: sehemu kubwa ya ardhi hii ni wakfu, iliwekwa kwa ajili yetu sisi na wazee wetu, sasa inakuwaje tunailipia? Mwaka 1928 wakagoma kulipa. Waliogoma ni wachukuzi, wafuaji, wavuvi, mafundi, wanawake wenye vibanda vyao. Wengi wao hawakuwa na hati mkononi. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu, na mahakamani kumbukumbu haina muhuri.

Wakati huo mambo mengi ya wakfu yalikwisha kuingia mikononi mwa serikali za kikoloni. Zanzibar ilipata sheria ya mali za wakfu mwaka 1905, ikaundwa kamisheni ambamo maofisa wa Kiingereza walikaa meza moja na wanazuoni. Tuseme haki: zilikuwapo mali ambazo wasimamizi wake walikuwa wamekwisha kuzila, na kamisheni ikaziokoa. Lakini hesabu zikahamia ofisini, na mtaa ukapoteza mazoea ya kumwuliza msimamizi wake, "Kodi ya mwezi huu iko wapi?"

Pigo jingine lilitoka mbali zaidi. Mwaka 1894 baraza la rufaa la London, katika kesi iliyotoka India, liliamua kwamba wakfu ambao kwanza unawanufaisha watoto na wajukuu wa mwenye kuuweka, na maskini wanaupata tu kizazi kikikatika, si sadaka na hauna nguvu. Majaji wale walikuwa wakipima kwa kipimo cha Kiingereza, kana kwamba kumlisha mjukuu yatima si sadaka. Waislamu wa India walipigana mpaka sheria ya mwaka 1913, iliyopelekwa barazani na Mohammed Ali Jinnah, ikaurudisha wakfu wa familia. Huku kwetu mahakama ziliendelea kuufuata uamuzi wa London, na Kenya ikatunga sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951 iliyotambua wakfu wa familia. Katika miaka yote hiyo ya katikati, familia nyingi zilijifunza kwamba wakfu ni kesi. Mtu akiona hivyo anaigawa mali yake kwa warithi, nao wanaiuza.

Sasa tuje kwenye fedha za wafadhili. Mwaka 1945, mjini Mombasa, Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, alianzisha East African Muslim Welfare Society. Makubaliano yake yalikuwa mepesi kueleweka: Waislamu wakichanga shilingi, naye anaweka shilingi. Wengi wa waliosaidiwa hawakuwa wa jamaa yake ya Ismailia, walikuwa Waafrika wa Kisuni wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Zama hizo mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma mara nyingi hakuwa na mlango ila wa shule ya misheni, na wazee wengi waliona bora abaki nyumbani. Jumuiya ile ilijenga misikiti na shule katika nchi zetu hizi. Mombasa, katika miaka hiyo hiyo, ilianzishwa pia taasisi ya ufundi ya MIOME iliyopokea vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Leo mahali pale ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na milango yake iko wazi kwa watu wa dini zote.

Shilingi kwa shilingi ilikuwa busara, kwa sababu mtaa ulitoa jasho lake kwanza. Hata hivyo shilingi zile zilijenga kuta. Shule ikishajengwa inataka chaki, paa, mishahara, na hayo hayakuwa na shamba la Khaybar nyuma yake. Tena hati nyingi ziliandikwa kwa jina la jumuiya. Desemba 1968 serikali ya Tanzania ikaipiga marufuku, na mali zake huko zikaenda BAKWATA, chombo kipya kilichoundwa mwaka huo huo. Mabishano juu ya jambo hilo hayajaisha mpaka leo, nami siingii humo. Ninachotaka wanafunzi wakione ni kwamba jumuiya inaweza kufungwa kwa amri ya siku moja, na chochote kilichoandikwa kwa jina lake kinaondoka nayo.

Hapa Kampala tuna mfano wa namna nyingine, nao ni kilima cha Kibuli. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake ya Kibuli, pakajengwa msikiti uliokamilika mwaka 1951, na shule, chuo cha ualimu na hospitali. Fedha za wafadhili ziliingia pale pia, kutoka kwa Aga Khan na wengineo. Lakini zilikuja juu ya ardhi ambayo ilikwisha kutolewa na mwenyeji. Tangu hapo Uganda imeona kabaka kupinduliwa, Amin, vita, na mabaraza ya Waislamu yakigawanyika na kuungana na kugawanyika tena. Watoto wa Kibuli bado wanasikia kengele ya shule asubuhi.

Kuanzia miaka ya 1970 fedha za mafuta za nchi za Kiarabu zikaja, na wengi wetu tumesoma kwa fedha hizo, Allah awalipe kheri waliozitoa. Zilikuja kwa wingi na zilikatika ghafla. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Nairobi Agosti 1998, serikali ya Kenya ilitangaza kufuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Januari 2004 matawi ya Kenya na Tanzania ya shirika la Al-Haramain la Saudia yaliwekwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, na shirika lenyewe likavunjwa huko kwao. Iwe tuhuma zilikuwa za kweli au la, yatima aliyekuwa akilipiwa chakula hakuwamo katika tuhuma hizo.

Mfano mkubwa zaidi tunauona kila siku juu ya kilima cha Old Kampala. Msikiti ule ulianzwa zama za Idi Amin, ukasimama miaka mingi haujaisha, ukamaliziwa kwa fedha za Libya, na Gaddafi akaja mwenyewe kuufungua Machi 2008. Libya iliendelea kuugharimia. Mwaka 2011 Gaddafi akauawa, fedha za kuuendesha zikakatika, na jina likabadilishwa kutoka Msikiti wa Gaddafi hadi Msikiti wa Taifa wa Uganda. Mwenyezi Mungu hakuuacha uanguke. Watalii wanalipa kuupanda mnara kutazama mji, na ada hiyo inasaidia. Kwa maneno mengine mnara umegeuka shamba, jambo ambalo sidhani aliyeujenga alilikusudia.

Hapa niseme neno juu ya lugha. Magazeti yetu ya Kiswahili huyaita mashirika makubwa ya Marekani wakfu: Wakfu wa Rockefeller, ulioanzishwa 1913, Wakfu wa Ford, ulioanzishwa 1936. Si kosa. Ni ule ule mpango wa kuzuia asili na kutoa matunda, na utajiri wao umedumu kwa sababu hiyo. Mwaka 1914 mji wa Cleveland ulianzisha hata mfuko wa mji mzima, ambamo wenyeji waliweka mali zao zikae pamoja na kamati ya wenyeji ikagawa faida kwa taasisi za mji huo. Lakini angalia nini kinachotufikia sisi. Asili inakaa New York au Geneva. Kikundi cha vijana cha Kisenyi au kituo cha yatima cha Nyamirambo kinapata tunda, la mwaka mmoja au mitatu, kwa jina la ruzuku. Siku ruzuku inapokwisha, wao bado wana wakfu na sisi hatuna.

Je, asili inaweza kuhamia huku? Imejaribiwa, na waliojaribu ni akina mama wa chekechea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walilalamika kwamba watoto wao hawapati nafasi katika shule nzuri za msingi. Wakfu wa Aga Khan ukamtafuta mwalimu, Bi Swafiya Said, na kuanzia 1986 zikaanzishwa shule za awali zinazounganisha mafunzo ya dini na ya kidunia, zikiendeshwa na kamati za mitaa yenyewe. Kazi ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu wengi walikuwa wasichana na kina mama wa mtaa ule ule, waliofundishwa kazi hapo hapo. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, makasha.

Ilipokaribia zamu ya mfadhili kujitoa, ulifanyika mpango ambao Umar (R.A.) angeutambua. Kila mtaa ulichanga fedha kidogo, Wakfu wa Aga Khan ukaongeza juu yake, na michango ya shule nyingi ikawekezwa pamoja ili kila shule ipate gawio la mwaka bila kugusa asili. Gawio lilikuwa la kusaidia tu, halikukusudiwa kulipa kila kitu. Ada za wazazi ziliendelea. Wenye pupa walisema fedha zile zingegawanywa mara moja zingefaa zaidi. Nakubali kwamba mwalimu mwenye mshahara mdogo ana haki ya kuuliza hivyo. Tofauti ni kwamba kamati ya shule, badala ya kungoja barua, iliingia mkutanoni ikiwa na karatasi ya hesabu ya mali yake yenyewe.

Upande wa sheria majirani zetu wamesogea. Zanzibar ilitunga sheria ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mwaka 2007, na Kenya imepata sheria mpya ya wakfu mwaka 2022 mahali pa ile ya 1951. Hapa Uganda mtu anayetaka kuweka wakfu hupitia njia ya wadhamini waliosajiliwa, na ndipo tunaporudi kwa mama yetu.

Imamu aliita kikao. Tulipofungua makaratasi yake ikaonekana kwamba nyumba ni yake lakini ardhi ni kibanja, yaani iko juu ya ardhi ya mtu mwingine mwenye hati. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1998 mwenye kibanja hawezi kumhamishia mtu haki yake bila idhini ya mwenye ardhi. Tungeipokea kwa dua na takbira tu, tungekuwa kama watu wa Ng'ambo mwaka 1928: kumbukumbu nzuri, muhuri hakuna.

Mama hakukasirika. Alisema afadhali ameambiwa akiwa hai. Ameagiza mambo manne yaandikwe: vyumba vitano kodi yake iende kwa walimu, na kila mwaka kwanza itolewe ya kutengeneza paa. Chumba cha sita akae mjukuu wake asiyeona, maisha yake yote. Hesabu zisomwe msikitini kila Ramadhani, wanawake wakisikia. Na miongoni mwa wadhamini watatu, mmoja awe binti yake. Mzee mmoja akakohoa. Imamu akamsimulia habari ya Hafsa.

Mwenye ardhi amekubali kwa mdomo. Wakili ameandika barua ya idhini, na tunasubiri aitie sahihi.

Wallahu a'alam.